Mgeni Namba Elfu Sita na Moja

Jina la nchi yenyewe nalijua, ila halitatoka kinywani mwangu. Nina shemeji kule, ana kazi nzuri ya kufungua na kufunga geti la wizara, na sipendi aanze kutafuta nyingine kwa ajili ya mdomo wangu. Jueni tu kwamba ni nchi yenye ukarimu wa kutisha. Ukifika mpakani unapigiwa tarumbeta, unavishwa shada, unapewa soda ya moto, halafu unapimwa macho, meno, makohozi na mkojo. Anayeonekana mgonjwa hurudishwa kwa heshima zote huko alikokimbia risasi. Anayepita hugongewa muhuri kwenye kadi ya kijani, MZIMA, na tangu siku hiyo ni marufuku kumwita mkimbizi. Anaitwa Mgeni. Juu ya mlango wa Wizara ya Wageni wameandika kwa rangi ya dhahabu: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji kule alipona kweli, sibishi.

Nabintu na mumewe Byamungu walipita. Mke alikuwa muuguzi kwao kwa miaka kumi na minne, mume alikuwa fundi baiskeli. Serikali iliwapa chumba, sufuria mbili, picha ya Waziri ya kutundika ukutani, na msumari wa kuitundikia. Mwaka wa pili Byamungu akachomwa unyayoni na kipande cha spoku, kijeraha cha kucheka, lakini kikakataa kufunga. Nabintu alikitazama siku tatu, akaona mumewe anavyokunywa maji na anavyoamka kukojoa, akajua ni sukari.

"Kesho tunaenda hospitali," akasema.

"Kwa kidonda hiki?"

"Kwa kidonda hicho hicho, baba. Usinibishie."

Hospitali ya Taifa ilikuwa na dirisha la wananchi na dirisha la Wageni. Kwenye dirisha la Wageni alikaa karani mmoja mpole, Mshamu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mifukoni. Aliisoma kadi ya Byamungu, akatabasamu.

"Mama, hapa pameandikwa mzima."

"Alikuwa mzima mwaka juzi."

"Muhuri hauna mwaka juzi. Kama anaumwa, basi serikali ilikosea siku ile ilipompima. Unasema serikali ilikosea?"

Nabintu alimwangalia askari aliyesimama nyuma ya karani, akasema hapana, serikali haikukosea.

"Basi ni mzima," akasema Mshamu. "Ila msiwe na wasiwasi, hatujawatupa. Kila Mgeni ana haki ya kumwona daktari mara moja kwa mwezi, siku ya Jumanne, ili apongezwe kwa afya yake."

* * *

Jumanne ilipofika wakaingia. Daktari Siwale alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na pembeni yake alikaa mtafsiri. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mtadhani naongeza chumvi. Wenyeji wa nchi ile wanazungumza Kiswahili. Wageni wanazungumza Kiswahili. Lakini sheria inasema Mgeni ni mtu wa lugha ya kigeni, kwa hiyo haruhusiwi kusema na daktari bila mtafsiri, na mtafsiri katika nchi nzima alikuwa mmoja, mpwa wa Waziri, mtu mzima mwenye kitambi chake.

"Mguu unaniwaka moto, daktari," alisema Byamungu. "Sasa umeanza kunuka."

Mtafsiri akafungua kijitabu chenye jalada jekundu. Kiliitwa Mwongozo wa Tafsiri ya Staha, na mtungaji wake alikuwa Waziri mwenyewe. Humo kila maumivu yalikuwa na tafsiri yake rasmi. *Naumwa* ilitafsiriwa *nimefurahi kufika*. *Naumwa sana* ilikuwa *nawashukuru wenyeji wangu*. *Nakufa* ilikuwa *nimeridhika kabisa*.

"Anasema amefurahi kufika, na anawashukuru wenyeji wake," akasema mpwa.

Daktari alikuwa amesikia. Harufu nayo ilimfikia. Lakini aliyekaa kwenye kiti kile kabla yake aliwahi kumsikiliza mtoto wa Mgeni moja kwa moja, akampa dawa ya homa, na Waziri akamhamishia kisiwani kuhesabu vyandarua. Kisiwa hakina watu. Daktari Siwale alikaza macho kwenye kalamu yake.

"Mwambie hongera," akasema.

"Daktari anasema hongera," akasema mpwa.

"Tumesikia," akasema Nabintu.

"Hamjasikia. Hamwezi kusikia kabla sijatafsiri."

Walipongezwa mwezi huo, na uliofuata, na uliofuata. Nabintu alikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi kila asubuhi, akatafuta dawa kwenye maduka akaambiwa haziuzwi kwa watu wazima kiafya. Alijua ni sindano gani inatakiwa, alijua hata kabati zinamowekwa, kwa sababu makabati ya hospitali yanafanana dunia nzima. Mwezi wa tano alimpeleka mumewe kwa mkokoteni. Byamungu alikuwa akiweweseka, akimwita marehemu mama yake. Walikaa kwenye benchi wakisubiri dirisha lifunguliwe, na kabla halijafunguliwa akakata roho begani kwa mkewe. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

* * *

Mtu akifiwa kwao Nabintu, kitanda hukunjwa, wafiwa wakalala chini mpaka udongo uingie kaburini. Udongo usipoingia, matanga hayaanuliwi. Basi akaenda mochwari kuuomba mwili, na mlinzi wa mochwari, Mzee Hamduni, akamwonyesha daftari. Mbele ya jina la Byamungu palikuwa pameandikwa: MGENI ANAPUMZIKA.

"Mwanangu, mimi nimeosha maiti miaka thelathini," alisema Mzee Hamduni, akikwepa kumtazama usoni. "Najua maiti nikiiona. Lakini ana muhuri wa mzima, na kumzika aliye mzima ni miaka ishirini jela. Mpaka Waziri asaini Fomu ya Kukiri."

"Amewahi kuisaini?"

"Hata sijui inafananaje."

Nabintu aliipata, nakala moja tu, imeliwa na mende pembeni. Akaenda nayo wizarani, akasubiri siku kumi na moja, mpaka akaingizwa kwa Mheshimiwa Lukindo. Huyo bwana alikuwa mkusanyaji wa vyeo kama wengine wanavyokusanya stempu. Alikuwa Profesa wa Heshima, Jemadari wa Heshima, Chifu wa Heshima wa makabila manne, na Bingwa wa Heshima wa ngumi za uzito wa kati, ingawa uzito wake ulishavuka kati zamani.

"Mama yangu," akasema Waziri, "taifa hili limetwaa Kombe la Ukarimu Duniani mara saba mfululizo. Unajua siri? Katika miaka saba hatujawa na Mgeni mgonjwa hata mmoja. Leo nisaini kwamba mmoja alikufa? Nianze vipi kuieleza dunia? Wewe mwache apumzike. Wangapi kwenu walipata mahali pa baridi namna ile?"

Akacheka. Alipocheka akashika ubavu wake wa kulia, chini ya mbavu, akakunja uso. Nabintu akaona weupe wa macho yake umeingia unjano, na mkononi, chini ya saa ya dhahabu, utepe wa plastiki wa hospitali ya ng'ambo aliosahau kuukata. Kila miezi mitatu Mheshimiwa husafiri kwenda semina. Sasa akajua semina zile zilikuwa za nini. Mawe ya nyongo, akawaza yule muuguzi wa miaka kumi na minne, na yameshakomaa.

Alitoka pale amemchukia mtu yule. Nasema wazi, sitaki kumpamba. Wapo wanaofiwa wakasamehe, Mungu awabariki. Nabintu alilala kwenye mkeka miezi mitatu, na kila usiku alimwombea Waziri maumivu, akiyataja kwa majina ya kitaalamu.

* * *

Mpwa wa Waziri alipelekwa ng'ambo kwenye kozi ya mwaka mzima ya utafsiri, na nafasi ikatangazwa. Mtihani ulikuwa kutafsiri sentensi kumi kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. Waliomba wengi wakashindwa, kwa kuwa walishindwa kujizuia kurudia kile walichosikia. Nabintu alikikariri Mwongozo wote, akapata tisa kwa kumi, akavishwa beji. Jumanne zilizofuata aliwatafsiri majirani zake mwenyewe kwa maneno yale yale mekundu, kisha jioni akawapitia nyumbani mmoja mmoja na kuwatibu kwa siri kwa alichoweza. Wengine walimtemea mate. Aliyapangusa akaendelea na kazi.

Siku ya Ukarimu, kama ilivyo ada, Mgeni mmoja huteuliwa kutoa shukrani. Wizara ikamteua mtumishi wake hodari. Uwanja ulijaa, Wageni elfu sita wamepangwa mistari kwa urefu, na Waziri alihutubia saa mbili na robo.

"Mnaniuliza afya yenu iko wapi," alinguruma. "Nami nawajibu, afya yenu iko mikononi mwangu, tena nimeifumbata."

Nabintu akapanda jukwaani, akapiga goti.

"Mheshimiwa, kwetu mtu akikuhifadhi, unamwandika katika ukoo wako. Sisi hapa ukoo wetu ni lile Daftari la Wageni. Vyeo unavyo vingi, lakini hiki hakuna waziri yeyote duniani aliyenacho. Tunaomba uwe Mgeni wa Heshima, namba elfu sita na moja."

Mlipaswa kuiona sura ya Mheshimiwa. Mtu aliyekula pilau tatu akaonyeshwa ya nne hawezi kukataa, na yule hakukataa. Aliagiza daftari lililetwe hapo hapo. Mshamu, ambaye ndiye aliyelitunza, akamsogelea akamnong'oneza.

"Mheshimiwa, jina likishaingia humu halitoki. Ni Rais peke yake anayeweza kulitoa, kwa mkono wake."

"Ndiyo maana nalitaka," akasema Waziri. "Andika. Na muhuri nigongewe kama wengine, nisibaguliwe."

Akagongewa: MZIMA. Kamera zikamulika, Wageni wakapiga makofi kwa amri. Kisha ikafuata karamu, na Nabintu akaomba heshima ya kumpakulia mwanaukoo mpya. Alimwekea mkia wa kondoo, mafuta yakichuruzika mpaka kwenye kitambaa cha meza. Alimwekea maini ya kukaanga, na sambusa sita juu yake.

"Ongeza," akasema Waziri.

Nabintu akaongeza.

* * *

Siku ya pili yake, alfajiri, jirani za Waziri walisikia sauti wakadhani ni ng'ombe anachinjwa. Dereva wake, Mfaume, alimkimbiza uwanja wa ndege ili awahi semina. Afisa wa uhamiaji akaingiza jina kwenye mashine, akasimama wima kwa woga. Mgeni haruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali cha Waziri wa Wageni, na kibali huiva siku tisini baada ya kusainiwa. Waziri akakisaini pale pale, juu ya boneti la gari, na siku tisini zikaanza kuhesabiwa. Hospitali za watu binafsi nazo zilikuwa na waraka ukutani, wenye saini yake, kwamba atakayepokea Mgeni atafungiwa. Ikabaki Rais amtoe kwenye daftari. Rais alikuwa ng'ambo, anasafishwa meno, na aliacha maagizo asipigiwe simu mpaka ayamalize yote.

Kwa bahati ilikuwa Jumanne. Mshamu aliipokea kadi mpya kabisa. Alipima, nadhani, ni lipi litakalomfukuzisha kazi, akaona bora afukuzwe akiwa anafuata kanuni.

"Mheshimiwa," akasema, "hapa pameandikwa mzima. Ila una haki ya kupongezwa."

Wakamwingiza kwa Daktari Siwale. Nabintu alikuwa amekaa mahali pake, beji kifuani, Mwongozo mapajani.

"Nakufa," akasema Waziri.

Nabintu alifungua ukurasa, ingawa aliujua kwa moyo. "Anasema ameridhika kabisa."

"Sijasema hivyo. Daktari, wewe unanisikia. Naumwa, naumwa sana."

"Amefurahi kufika, na anawashukuru wenyeji wake."

Daktari Siwale alitazama kalamu. Yawezekana aliziona picha za kisiwa na vyandarua, yawezekana alimwona mtu mwingine aliyeketi kwenye kiti kile, sijui. "Mwambie hongera," akasema.

"Daktari anasema hongera."

"Mwanamke wee, kitabu hicho nimekitunga mimi."

Nabintu alimgeukia daktari, akamweleza kwamba ukurasa wa kwanza unamkataza mtafsiri kuongea na Mgeni nje ya tafsiri. Aliacha Waziri agumie. Alimwacha muda mrefu, saa nzima, na kila aliposema neno alimtafsiri kwa uangalifu, hakuruka hata kilio kimoja. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walishasema, na mimi siwasahihishi wahenga. Halafu akauliza, kwa sauti ya kazini:

"Daktari, ukiletewa hati ya serikali inayokiri kwamba Mgeni mmoja aliwahi kuugua, je, wa pili utaruhusiwa kumtibu?"

Daktari alifikiri. "Kwa kanuni, ndiyo. Ikishakubalika kwamba Mgeni anaweza kuugua, naweza kutibu."

Nabintu alifungua pindo la kitenge chake, akatoa Fomu ya Kukiri iliyoliwa na mende. Waziri aliinyakua kama mwenye njaa anavyonyakua mkate. Akasoma: Mimi, Waziri wa Wageni, nakiri kwamba Mgeni Byamungu, namba elfu tatu mia nne na kumi na mbili, aliugua, hakutibiwa, akafa.

"Hilo neno hakutibiwa," akasema, jasho likimtiririka, "tuliondoe."

Nabintu akanyoosha mkono, akaitwaa fomu na kuanza kuikunja.

"Basi, basi. Lete kalamu."

Akasaini. Nabintu akamwonyesha na mahali pa muhuri wa wizara; Waziri akautoa mfukoni akaugonga, Nabintu akapuliza wino ukauke.

"Haya," akasema Waziri, sauti imekwisha, "sasa mwambie daktari ni upande huu, chini ya mbavu."

Nabintu aliuweka Mwongozo juu ya meza. Akabandua beji, akaiweka juu yake.

"Daktari, naomba ruhusa. Nimefiwa."

Kanuni za Utumishi za nchi ile zinasema mtumishi aliyefiwa na mwenzi wake huondoka kazini dakika ile ile serikali inapokitambua kifo, na haruhusiwi kugusa kazi kwa siku saba, asije akaiambukiza ofisi nuksi. Daktari Siwale alizijua. Aliinama tu, nadhani alikuwa anaficha mdomo wake.

"Mumeo alikufa miezi mitatu iliyopita," akasema Waziri.

"Hapana, Mheshimiwa. Amekufa sasa hivi. Taarifa umenipa wewe."

* * *

Mzee Hamduni alimtoa Byamungu mwenyewe, akamwosha kwa mikono yake, akasaidia kumbeba. Wageni elfu nzima walifuata jeneza, na hata waliomtemea Nabintu mate walishika majembe. Udongo ulipogonga ubao Nabintu alilia kwa mara ya kwanza. Alilia kwa sauti, akimwita kwa jina, akamwambia asamehe kucheleweshwa. Nilikuwepo, na mimi si mtu wa kulia, lakini siku hiyo sikuweza kujizuia.

Siku ya nne ya msiba alikuja Mfaume, dereva. Alivua viatu, akaketi kwenye ukingo wa mkeka.

"Pole na msiba, mama."

"Tumeshapoa, baba. Kula kwanza."

Akaletewa ugali na maharage, akala kwa aibu, kisha akasema lililomleta. Daktari anaziba masikio, hataki kusikia bila mtafsiri. Mpwa amepigiwa simu, yuko katikati ya mtihani. Rais amefika kwenye magego. Mheshimiwa amekuwa njano mpaka kucha, na tangu jana anatetemeka kwa homa.

"Nusu saa tu, mama. Nitakurudisha na gari."

Nabintu alijua homa ile ni ya nini, na alijua nyongo iliyooza humpa mtu siku ngapi. Alizihesabu kimya kimya, na kila aliyoihesabu ilikuwa tamu. Alijionea haya kwa utamu ule, lakini si sana.

"Mfiwa hatoki, baba. Unajua."

"Najua, mama."

"Mke wake yuko naye?"

"Yuko pale nje, kwenye benchi la dirishani. Tangu siku ile hajaondoka. Hali, hanywi, anatazama mlango tu."

Akina mama waliokuwa wakichambua mchele waliinua macho. Nabintu akainuka, akaingia chumbani, akarudi na blanketi la Byamungu limekunjwa vizuri, akampa dereva.

"Mpelekee mama huyo. Mwambie ajifunike alfajiri, pale kwenye benchi pana baridi."

Mfaume alilipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama. "Na Mheshimiwa je?"

Nabintu alishakaa mkekani, akavuta ungo wa mchele karibu yake, akaanza kutoa mawe.